Rilei ya tangi haishiki? Pima kabla hujaing'oa transista

Fundi akiletewa saketi ya tangi iliyogoma, mara nyingi mkono wake wa kwanza hukimbilia chuma cha kulehemu. Transista inang'olewa, inatiwa mpya, saketi inagoma vile vile. Inatiwa nyingine, na sasa njia za shaba kwenye ubao zinaanza kubanduka kwa joto. Transista hulaumiwa kwa sababu ina sifa ya kuungua, lakini ikichaguliwa sawasawa na dayodi yake ikiwepo, ni katika vitu vya mwisho kufa. Vinavyotangulia ni nyaya, viungo vya risasi na zile ncha zilizomo tangini. Mita ya bei ndogo, kwa vipimo vitatu saketi ikiwa palepale ilipo na umeme wake umo, inakuonyesha mkosa ni nani.

Saketi yenyewe

Tuchukue saketi moja ili tuelewane: ile ya kuzima pampu tangi la juu likijaa. Ina betri au adapta ya volti 12, na rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili, yaani waya uliozungushwa) ya volti 12, ile ndogo ya buluu, ambayo koili yake ina ukinzani wa omu 400 hivi, kwa hiyo inavuta miliampia 30. Transista, ambayo ndiyo swichi isiyo na mabapa, ni BC547, dayodi, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, ni 1N4007, na rezista, za kupunguza mkondo, ni mbili: kilo-omu 1 na kilo-omu 10.

Chanya ya betri inaingia upande mmoja wa koili. Upande wa pili unashuka kwenye kolekta, mmoja wa miguu mitatu ya transista; mingine ni beisi, inayopokea ishara, na emita. Emita inakwenda hasi. Dayodi imelala sambamba na koili, mstari uliochorwa mwilini mwake ukielekea chanya. Tangini, karibu na mdomo, mna ncha mbili za chuma. Moja imetoka chanya kupitia rezista ya kilo-omu 1, ya pili inakuja kwenye beisi. Ile kilo-omu 10 inaunganisha beisi na hasi. Maji yakizifikia ncha, mkondo mdogo unapita majini, unaingia beisi, transista inawaka (yaani inapitisha mkondo), rilei inashika na kukata pampu.

Kama yako inaendeshwa na Arduino (ubao mdogo wa kompyuta) au kihisi cha mwanga badala ya maji, vipimo havibadiliki. Sharti ni moja tu: hasi ya Arduino na hasi ya betri ya rilei ziungane. Zisipoungana, mkondo wa beisi hauna njia ya kurudi, na utabadilisha transista mpaka duka liishiwe.

Hatua ya 1: ondoa umeme wa nyumba

Miguu ya rilei upande wa pampu ina volti 230. Chomoa plagi ya pampu kabisa, usiridhike na kuzima swichi, kisha toa nyaya za pampu kwenye rilei. Kazi yote iliyobaki ni ya volti 12.

Hatua ya 2: tazama miguu

Shika transista uso wake bapa ukikutazama, miguu chini. BC547, kuanzia kushoto, ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 ni kinyume chake: emita, beisi, kolekta. C1815, ambayo utaikuta kwenye redio na TV kuukuu za Kijapani (jina lake kamili ni 2SC1815), ni emita, kolekta, beisi. Yaani beisi iko pembeni. Mtego mbaya kuliko yote ni 2222 ya plastiki: PN2222A ni emita, beisi, kolekta, na P2N2222A, yenye tarakimu moja tu ya kuzidi, ni kolekta, beisi, emita.

Mazungumzo haya ya dukani kila fundi wa Darajani, sokoni hapa mjini Unguja, ameshayasikia kwa namna moja au nyingine:

"Mjomba, BC547 hamna? Basi nipe hiyo C1815, si zote NPN, aina moja?"

"Zote NPN, mwanangu. Lakini usije ukaitia kwenye matundu yale yale kama ilivyo."

Kolekta na emita zikibadilishana nafasi, saketi haifi moja kwa moja, na hapo ndipo inapochanganya watu. Kiungo cha beisi na emita kimeundwa kuvumilia volti chache tu kinyumenyume. Kwa BC547 mwisho wake ni 6. Ukikitia 12, mkondo unavuja humo hata ncha zikiwa kavu, na koili inapata volti chache zisizotosha kuishikisha rilei lakini zinatosha kuizuia isiachie. Ukiona rilei ina tabia za namna hiyo, rudi kwenye miguu kabla ya lolote.

Ukiwa bado unatumia macho, tazama na rangi za rezista. Kilo-omu 1 ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Kilo-omu 10 ni kahawia, nyeusi, machungwa. Chini ya taa hafifu nyekundu na machungwa ni ndugu. Zikibadilishana, beisi haitafika volti 0.6 inazozihitaji na saketi itakaa kimya milele, kila kitu kikiwa kizima.

Hatua ya 3: vipimo vitatu

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi ubane kwenye hasi ya betri na uuache hapo mpaka mwisho wa kazi. Utakaotembea ni mwekundu peke yake. Maji hayahitajiki. Chukua rezista nyingine ya kilo-omu 10 uigusishe kwenye ncha zote mbili, hayo ndiyo maji yako. Ukiitoa, tangi tupu.

Pima chanya ya koili, pima kolekta, pima beisi. Fanya hivyo ncha zikiwa kavu, kisha zikiwa na "maji". Andika namba zote sita kwenye karatasi, kwani kichwa husahau hasa pale mtu anapoanza kupata dhana.

Saketi nzima inasoma hivi. Ikiwa kavu: chanya ya koili 12, kolekta 12, beisi 0. Ikiwa na maji: chanya ya koili bado 12, kolekta chini ya 0.3, beisi kati ya 0.65 na 0.8.

Wanafunzi wengi hupotea kwenye kolekta. Wanaona 12 na wanadhani transista inapitisha umeme, kumbe kinyume chake. Koili ni waya tu. Transista ikiwa imezima, hakuna mkondo unaopita kwenye koili, na pasipo mkondo hakuna volti zinazopotea humo, kwa hiyo upande wa chini wa koili unasoma sawa na upande wa juu. Transista ikiwaka, inaushusha upande huo wa chini mpaka karibu na hasi, na zile volti 12 zote zinabaki juu ya koili. Kolekta ikiwa juu, rilei imelala. Kolekta ikiwa chini, rilei iko kazini. Likishakuingia hili, yaliyobaki ni kusoma namba tu.

*Chanya ya koili haifiki 12.* Simama hapo hapo. Betri ya gari au ya sola iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 hivi, ikiwa 11 na kitu imechoka. Adapta nyingine husoma vizuri bila mzigo na kuanguka rilei inapotaka kushika, kwa hiyo tazama mita wakati unagusisha rezista, si kabla yake.

*Kuna maji, lakini beisi ni 0.* Ishara haifiki. Chukua ile rezista ya kilo-omu 10 uigusishe kutoka chanya moja kwa moja hadi mguu wa beisi. Rilei ikishika, transista na koili ni wazima na mkosa yuko njiani: waya wa kwenda tangini, ncha, au kilo-omu 1. Beisi ikibaki 0 hata hapo, kuna shoti kati ya beisi na hasi, ama tone la risasi limevuka kwenye ubao ama transista imeungua ndani. Na tafadhali, beisi usiiguse na chanya bila rezista. Hata kwa sekunde moja.

*Beisi ni 0.7, kolekta imebaki 12.* Mkondo unaingia beisi lakini kolekta haina habari. Tazama risasi ya mguu wa kolekta kwanza. Ikiwa nzima, hapa sasa unayo haki ya kuishuku transista.

*Beisi imepanda 2, 3 au zaidi.* Kiungo kizima cha beisi na emita hakikubali kupita 0.8 au karibu yake. Hamisha waya mwekundu uupeleke emita. Ikiwa emita nayo imepanda, basi waya wake wa kwenda hasi umekatika. Ikiwa emita ni 0 na beisi iko juu, kiungo cha ndani kimekatika, na transista hiyo ni ya kutupwa.

*Kolekta ni 0 katika hali zote mbili.* Sikiliza rilei. Ikiwa kimya daima, koili imekatika: volti hazishuki chini kwa sababu njia haipo. Zima umeme, pima omu za koili. Ukikosa 400 au karibu yake, rilei imekwisha. Ikiwa rilei imeshika daima, soma hatua ya 5.

Hatua ya 4: kolekta iliyosimama katikati

Hii ndiyo inayowachosha mafundi, kwa sababu kila kifaa ukikipima peke yake ni kizima. Kuna saketi iliyoletwa kwangu kutoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, ikiwa imefanya kazi kaskazi nzima na kugoma masika. Ukigusisha nyaya zake mezani, tiki, inashika. Ikirudishwa tangini, kimya. Kolekta yake ikiwa na maji ilisimama kwenye 7: si juu, si chini.

Kilichobadilika ni maji. Kaskazi tangi lilijazwa maji ya kisima, na maji ya visima vyetu yanapita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa na mara nyingi chumvi, kwa hiyo yanapitisha mkondo vizuri. Masika mwenye nyumba aliligeuzia bomba la paa. Maji ya mvua karibu hayana kitu ndani yake, na ukinzani wake ni mkubwa mno.

Tupige hesabu. Tuseme maji ya mvua kati ya ncha zile ni kilo-omu 100. Toa volti 0.7 za beisi kwenye 12, unabaki na 11.3, gawa kwa kilo-omu 101, unapata miliampia 0.11. Lakini rezista ya kilo-omu 10 kati ya beisi na hasi nayo inajichukulia 0.07. Beisi inabakiwa na 0.04. BC547 ikiwa inazidisha mkondo wa beisi mara 300, kolekta inapata miliampia 12, na rilei inataka 30. Miliampia 12 kwenye omu 400 ni volti 5 juu ya koili; kolekta lazima isome 7. Rilei za aina hii huhitaji mpaka asilimia 75 ya volti zake ili zishike, yaani 9. Hapo hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu haikutimia.

Dawa ni BC547 ya pili. Emita ya ile ya kwanza isiende hasi tena, iingie beisi ya hii ya pili. Kolekta zote mbili ziungane chini ya koili. Emita ya ya pili ndiyo iende hasi. Ile rezista ya kilo-omu 10 ihamie kati ya beisi ya pili na hasi, na kwenye beisi ya kwanza tia kilo-omu 100 badala yake. Usiache kuihamisha: transista zikiwa mbili, beisi ya kwanza inataka volti 1.3 hivi, na kilo-omu 10 ikiachwa palepale itakunywa mkondo wote unaotoka majini. Kolekta sasa ikiwaka itasoma 0.7 mpaka 0.9, haitashuka chini ya hapo, na rilei inapata 11 zake. Usiitafutie ubovu.

Kwenye rilei, transista iliyowaka nusu inasumbua tu. Volti 7 kwa miliampia 12 ni chini ya sehemu ya kumi ya wati. Lakini kama mzigo wako ni pampu ya sola inayoendeshwa na TIP122, transista kubwa, bila rilei, ikasimama kwenye volti 6 huku ampia 1 inapita, hizo ni wati 6 za joto ndani ya kitu kisicho na bati la kupozea. Utainusa kabla hujaigusa.

Hatua ya 5: rilei imeshika na haiachi

Kuna mfuatano wa kuwaondoa washukiwa mmoja mmoja. Kwanza chomoa kwenye ubao waya unaotoka tangini. Ikiachia, uvujaji uko nje: unyevu ndani ya kebo, utando wa kijani uliounganisha ncha, au tone la maji lililoganda baina yao. Ncha zitenganishe zaidi na uzielekeze chini ili maji yadondoke.

Haijaachia? Unganisha beisi na emita kwa kipande cha waya. Kwa saketi hii ni salama, transista yoyote nzima inazimika hapo. Ikiachia, kuna kitu ubaoni kinailisha beisi. Hapa kwetu kitu hicho kwa kawaida ni chumvi. Ubao uliokaa miezi michache kwenye banda linalopata upepo wa bahari unapata utando usioonekana, jua likiwa kali hauna neno, na usiku ukiingia na unyevu wake unaanza kupitisha mkondo. Ndiyo maana mwenye nyumba anakwambia "inafanya uchawi usiku". Usugue kwa spiriti na mswaki mkuukuu, uanike, upime tena. Kumbuka rilei ikishashika huhitaji kidogo sana kubaki ilivyo: nyingine haziachi mpaka koili ishuke karibu na volti 1.2. Kwa hiyo uvujaji usioweza kuishikisha rilei unaweza kabisa kuizuia isiachie.

Bado haijaachia? Pima volti juu ya koili yenyewe. Ukikuta 12 huku beisi na emita zimeunganishwa, transista ina shoti ya kolekta na emita. Ukikuta 0, koili imelala na transista haina kosa; ni rilei yenyewe imekwama ndani, na kama yako ni ya kuwasha pampu badala ya kuizima, mabapa yake yameshikana kwa cheche. Rilei ndogo huandikwa ampia 10, lakini pampu inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Pampu ya nyumba iachie kontakta, ile rilei kubwa ya mizigo mizito. Rilei ndogo iwe ya kuiamrisha kontakta tu.

Hatua ya 6: dayodi

Transista inayokufa kila baada ya siku kadhaa inauliwa na koili. Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, koili inasukuma volti nyingi upande wa kolekta, zinazoweza kupita kwa mbali 45 ambazo BC547 inaahidi kuzivumilia. Dayodi inaupa mkondo huo pa kuzungukia. Ikikosekana au ikikatika, saketi inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku ile. Ikitiwa kinyume, mstari ukielekea kolekta, transista inapowaka tu inakuwa shoti ya betri, na inakwenda papo hapo. Mstari uelekee chanya.

Hatua ya 7: sasa ing'oe

Namba zimekwambia ni transista. Zima umeme, itoe, uipime ikiwa mkononi, kwa sababu ubaoni koili na rezista zitakudanganya. Mita iwe kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu beisi, mweusi emita: 0.6 mpaka 0.75. Mwekundu beisi, mweusi kolekta: karibu sawa, ila chini kidogo. Tofauti hiyo ndogo inafaa sana transista ikiwa imefutika maandishi, kwani upande unaosoma zaidi ndiyo emita. Geuza nyaya, pasiwe na kitu. Kolekta na emita, pande zote mbili, pasiwe na kitu. Ipime na mpya vivyo hivyo kabla ya kuilehemu.

Ncha za tangini zisiwe za shaba. Mkondo wa DC majini unakula ncha ya upande wa chanya, shaba inageuka kijani, na kijani hicho mnakinywa. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zinadumu. Ubao ukishakuwa safi na mkavu, upake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, ukiiruka rilei na vituo vya nyaya. Silikoni inayonuka siki usiitumie hapo: siki hiyo ndiyo inayoila shaba.

Igusishe rezista ya kilo-omu 10 mara kadhaa, usikilize tiki ya kushika na tiki ya kuachia. Kisha tumbukiza ncha kwenye ndoo ya maji yale yale ya tangi, kolekta ikisomwa. Hapo ndipo nyaya za pampu zirudishwe, plagi ikiwa bado imechomolewa.